Picha iliyowaka shambani ikazimika ukutani: kisa cha kanvasi moja ya kiangazi Dodoma

Wadau wa brashi, kuna kisa kimoja nataka nikichambue mwanzo mwisho, maana vijana wengi wa hapa Dodoma wanaochora nje kwa rangi za mafuta wanakwama palepale na karibu wote wanasingizia rangi. Ni picha moja tu, imechorwa mwishoni mwa mwezi wa tisa upande wa Mpunguzi, ile barabara ya kwenda Iringa. Aliyechora ni dogo mmoja huwa anakuja kwangu kuomba ushauri, na mkono anao kabisa, nalisema hilo mapema ili mtu asidhani shida ilikuwa kipaji.

Kazi ilikuwa ni oda. Mama mmoja mwenye loji alitaka picha kubwa ya kuweka mapokezi, na maelezo yake yalikuwa ya kueleweka: anataka kiangazi cha Ugogoni, mbuyu usio na jani hata moja, tembe (ile nyumba ya asili ya Wagogo yenye paa bapa), udongo mwekundu, jua la mchana linalochoma. Dogo akapata eneo zuri, akaomba ruhusa kwa mzee mwenye tembe, akasimamisha stendi na kanvasi ya mita moja kwa sentimita 70 tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, kesho yake akarudi akamalizia. Akiwa hukohuko alinipigia simu ya video kunionyesha, na kiukweli picha ilikuwa inawaka. Ilipokauka kwa juu akaipeleka, ikatundikwa, mama akasogea, akarudi nyuma, akamuuliza kwa upole tu, "Mwanangu, mbona umenichorea magharibi? Mi nilisema mchana."

Dogo alikuja kwangu amenyong'onyea. Yeye alishafunga hesabu kwamba rangi zake za tyubu ni za bei rahisi, zimefubaa, kwa hiyo anakopa hela aagize tyubu za gharama kutoka Dar. Nikamwambia kabla hujakopa leta picha yenyewe.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji hata senti. Tuliitoa nje tukaiegemeza ukutani juani. Ikawaka, mbuyu ukasimama, udongo ukawa mwekundu wa kweli. Tukairudisha ndani, giza, magharibi kama mama alivyosema. Tukatoka nayo tena, ikawaka tena. Sasa rangi iliyofubaa haiwezi kufubuka kila ukiitoa nje, kwa hiyo hapo tyubu zikawa zimeshaondolewa kwenye kesi.

Kinachotokea ni hivi. Jua la mchana likipiga moja kwa moja linafikisha mwanga wa kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), wakati chumba cha kawaida chenye dirisha na taa kinacheza kwenye mia moja mpaka mia tatu hivi. Dogo alikuwa ameangalia kusini, stendi imelala kidogo kwa nyuma, na mwezi wa tisa mwishoni jua la Dodoma la mchana liko upande wa kaskazini kidogo ya utosi, maana yake lilikuwa linatokea mgongoni kwake na kuipiga kanvasi usoni. Juani hivyo hata kahawia iliyokolea inaonekana ya wastani, na nyeupe inakuumiza macho, kwa hiyo mkono wenyewe bila kukuuliza unaanza kushusha kila kitu, unaongeza amba, ile kahawia ya udongo, unaongeza bluu, mpaka macho yapumzike. Unadhani umepatia kumbe umechora picha ya kutazamwa juani. Na mapokezi ya loji hakuna jua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwangu haina mjadala: kanvasi na paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, vyote viwe kivulini, na viwe kwenye kivuli kimoja, siyo kanvasi kivulini paleti juani, hapo utachanganya rangi moja uione nyingine. Kivuli chenyewe nacho kina mambo. Kivuli kizito sana, mfano ndani ya banda lenye mlango mdogo, kinakudanganya upande wa pili, unapandisha mno na picha inakuja kupauka. Unataka kivuli cha wazi, chenye mwanga wa anga. Na mwavuli wa rangi usiutumie. Dogo safari ya pili alikuja na ule mwekundu mkubwa wa wauza vocha, akakaa chini yake, na kanvasi yote ikageuka pinki, sasa hapo utajuaje wekundu wa udongo ni upi na wa mwavuli ni upi? Tulitoa mwavuli tukafunga kipande cha marekani kwenye miti miwili, kitambaa kilekile anachotengenezea kanvasi, hakijatiwa rangi, kinachuja jua bila kupaka kitu.

Nikaendelea kuikagua picha, na hapa ndo kisa kinanoga, maana giza lilikuwa nusu tu ya tatizo. Hata ungeiwashia taa kali ungeona kuna kitu hakijakaa sawa, jicho linahangaika. Nikamwambia dogo fuatilia vivuli kimoja kimoja uniambie ni saa ngapi. Ukiangalia kusini mashariki iko kushoto, kwa hiyo kivuli cha asubuhi kinaanguka kulia. Kivuli cha mbuyu kilikuwa kirefu kinaelekea kulia, hiyo ni saa mbili, saa tatu. Kivuli cha tembe kilikuwa kimebanana chini ya ukingo wa paa, saa sita hiyo. Ua wa minyaa pembeni kivuli chake kimeshaanza kwenda kushoto, saa nane. Nyakati tatu tofauti kwenye kanvasi moja, na kila kimoja kimechorwa vizuri sana chenyewe kama chenyewe. Dogo alinyamaza muda mrefu kidogo alafu akasema, "Bro, mi nilichora nilichokiona." Na ni kweli, alichora kila alichokiona, kwa zamu.

Hili halijatokea kwa uzembe. Limetokea kwa sababu anajifunza kwa video na vitabu vya watu wa Ulaya na Marekani wanaochora kiangazi cha kwao, na sheria zao zimezaliwa kwenye mwanga wa kwao. Huu mtindo wa kubeba rangi ya mafuta kwenda nao porini ulipata nguvu baada ya mchoraji wa Marekani John Goffe Rand kubuni tyubu ya bati mwaka 1841, kabla ya hapo rangi ilikuwa inafungwa kwenye vibofu vya nguruwe, jaribu kuwaza usumbufu wake. Waliokuja kuutumia sana ni Wafaransa. Sasa mwezi wa sita kule London, kwa mfano, siku ina karibu saa 16 na nusu za mwanga, na jua linapanda na kushuka kwa mshazari, taratibu, jioni inajivuta. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwaka mzima tunapata saa 12 hivi, zinazidi au kupungua kidogo tu, na jua linapanda wima.

Chukua mbuyu wa mita 12 mwishoni mwa mwezi wa tisa. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili asubuhi kivuli chake ni kama mita 28. Saa tatu kimeshuka mpaka kama 15. Saa nne ni tisa hivi. Maana yake ndani ya saa mbili kivuli kimepoteza theluthi mbili ya urefu wake, na wewe bado unachanganya rangi ya shina. Ukikifukuza lazima kikuache. Hata Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, na huo mwanga wa kwao wa polepole, alipochora yale mafungu ya nafaka Giverny miaka ya 1890 na 1891 alikuwa anabadilisha kanvasi kadiri mwanga unavyobadilika, kila hali ya mwanga na kanvasi yake. Hakuyarundika yote sehemu moja.

Hapa wengi wanatoa ushauri kwamba basi chora asubuhi tu, saa moja na nusu mpaka saa tatu, mchana kimbia kwa sababu mwanga ni bapa na hauna uzuri. Mi hapo sikubaliani, tena nakataa kwa nguvu zote kwa kazi kama hii. Mama hakuomba asubuhi. Kiangazi cha Dodoma siyo ile saa ya dhahabu, ule mwanga wa njano wa jua likiwa chini, kiangazi ni saa sita, mbuzi wamejibanza ukutani, barabara haina mtu, mti umesimama juu ya kivuli chake. Ukimpelekea asubuhi nzuri yenye vivuli virefu umemchorea sehemu nyingine. Na ukipiga hesabu, mchana ndo saa rahisi kuliko zote kwa upande wa vivuli. Jua linafika juu kabisa karibu saa sita na nusu. Ukianza saa tano na nusu na ukaacha saa saba na nusu, kivuli cha ule mbuyu wa mita 12 hakivuki mita tatu na ushee kila upande, kinaanza kidogo kulia, kinaingia chini ya matawi, kinatoka kidogo kushoto. Una saa mbili nzima ambazo ramani ya vivuli karibu haibadiliki. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi ndo kabisa, jua linapita utosini wima, na linarudia tena mwanzoni mwa mwezi wa tatu ila hapo ni masika na nchi yote ni kijani.

Sasa mchana unachorwaje bila kuwa bapa? Jibu liko ndani ya vivuli. Dogo vivuli vyote alivipaka nyeusi ya tyubu iliyopunguzwa na kahawia, na hapo ndo picha ilipofia. Nenda kasimame kwenye tembe saa sita uangalie chini ya ukingo wa paa, pale ambapo jua halifiki. Siyo peusi. Pana joto, panaelekea chungwa, kwa sababu udongo mwekundu uliopigwa na jua unarusha mwanga juu, na ule mwanga unaingia chini ya kila kitu: chini ya tawi la mbuyu, chini ya tumbo la ng'ombe, chini ya kidevu cha mtu. Alafu kivuli kilicholala chini kwenye ardhi ni kitu kingine tena, hicho kinaangalia juu, kinapokea anga, kwa hiyo kina ubluu, kina zambarau fulani hivi. Kivuli kinachoangalia chini ni cha moto na kivuli kinachoangalia juu ni cha baridi. Ukiliweka hili sawa joto la Dodoma linaingia lenyewe kwenye picha, huhitaji kuongeza njano kila mahali. Nilimwambia dogo nyeusi aiache nyumbani. Siena iliyochomwa na bluu ya altramarini ukizichanganya zinakupa giza la kutosha, na unaweza kulivuta kwenye moto au kwenye baridi upendavyo.

Kingine, milima ya mbali aliipaka bluu. Kitabu kinasema cha mbali kiwe bluu, na hewa ikiwa safi ni kweli. Lakini mwezi wa tisa upepo ukishaamka hewa ya Dodoma imejaa vumbi, na chembe za vumbi ni kubwa, hazichambui bluu kama hewa tupu inavyofanya. Milima ile mchana inakuwa kijivu chenye upinki, na anga karibu na upeo ni nyeupe chafu yenye njano, bluu yenyewe iko juu kabisa kichwani. Halafu usidhani anga lazima ndo iwe kitu cheupe kuliko vyote. Udongo mkavu au paa la tembe lililolala bapa chini ya jua la utosi vinaweza kushindana na anga, na ile bluu ya juu vinaizidi. Dogo alikuwa ameweka anga nyeupe na nchi yote giza chini yake, mpangilio wa siku ya mawingu kabisa, nao umechangia ile magharibi ya mama.

Kijani ndo sina la kusema sana. Kiangazi hicho cha kijani ni minyaa, mwarobaini na vimiti vichache vya korongoni, na kijani chake ni cha kijivu. Kijani cha tyubu usikifungue.

Na habari njema kwa mfuko ni kwamba rangi zinazohitajika hapa ndo zile za bei nafuu. Oka, siena, amba, hizi ni udongo tu wenye oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachoufanya udongo wa Mpunguzi uwe mwekundu. Ile michoro myekundu ya kwenye miamba ya Kolo kule Kondoa, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, wekundu wake ni wa madini hayohayo ya chuma na bado unaonekana mpaka leo. Kwa hiyo dogo kukopa ili anunue tyubu za gharama apake udongo ilikuwa ni kupoteza hela.

Turudi kwenye ile kanvasi, maana ilikuwa na ugonjwa mwingine ambao mama hakuuona ila mimi niliuona. Anga ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nikamuuliza hapa umetumia nini, akasema nyeupe ya tyubu ilimwishia akaongezea nyeupe ya mafuta ya kopo, ile ya kupaka milango, tena nene, juu ya rangi ya tyubu ambayo bado mbichi. Rangi ya mafuta ya kuchorea haikauki kwa kuvukiza maji, mafuta ya kitani yanakula oksijeni taratibu na kuganda, na tabaka nene linachukua muda mrefu sana. Rangi ya mlango yenyewe inashika ngozi juu haraka, na jua la Dodoma linaiharakisha zaidi. Juu kumeganda, chini bado kunatembea, lazima ikunje, na baadaye inaweza kupasuka. Siisemi vibaya rangi ya kopo, Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata wametengeneza sanaa nzima inayojulikana dunia nzima kwa rangi za aina hiyo juu ya hadibodi. Lakini wao wanaitumia peke yake, kwa utaratibu wake. Ukichanganya na ya tyubu, iliyo ngumu na ya haraka usiiweke juu ya iliyo laini na ya polepole. Tabaka la kwanza liwe jembamba lenye tapentaini, la juu ndo liwe na mafuta zaidi.

Na mchanga. Robo ya chini yote ilikuwa na chembe za mchanga ndani ya rangi. Hili mi silihesabu kama kosa sana, mchoraji Vincent van Gogh ana picha ya pwani ya Scheveningen, Uholanzi, ya mwaka 1882 yenye mchanga ndani ya rangi, na mwaka 2017 kwenye jumba la makumbusho la Nelson-Atkins kule Kansas City walikuta panzi amenasa kwenye picha yake ya mizeituni ya 1889. Ukichora nje upepo utakuja tu. Ila kwa kazi ya mteja punguza: funga jiwe lizito katikati ya stendi, mwagia maji ardhi unayokanyaga kama maji yapo, na chembe zikishaingia usizifute zikiwa mbichi, acha rangi ikauke ndo uzikwangue na kisu.

Mpango wa mara ya pili ulikuwa hivi. Kanvasi kubwa ilibaki nyumbani. Dogo alikwenda na vipande vya hadibodi vya sentimita 30 kwa 40, amevipaka gundi ya mbao na rangi ya maji alafu juu amepitisha kahawia jepesi la siena, ili asianze na weupe unaoua macho. Alipofika akamsalimia mzee kwa Kigogo, "mbukwa, babu", mzee akacheka akamletea kigoda. Kila siku kipande kimoja, saa tano na nusu mpaka saba na nusu, basi, hata kama hakijaisha anafunga. Robo saa ya kwanza ni penseli na vivuli tu, anavichora vilivyo na haruhusiwi kuvigusa tena. Kurudi, vipande vibichi anavifunga viwili viwili vikitazamana na vijiti vya mbao katikati, vinapanda bodaboda bila kugusana.

Kuna watu watasema si apige picha na simu akachoree nyumbani. Apige, kwa ajili ya matawi ya mbuyu, ambayo hakuna mtu anayeyakariri. Lakini simu ikikutana na jua la utosi inafanya kivuli kuwa cheusi au anga kuwa karatasi, na ule wekundu wa chini ya paa niliouongelea hautauona kabisa. Huo unaletwa na kipande cha hadibodi, hauletwi na simu.

Kanvasi kubwa aliifanyia chumbani, pembeni ya dirisha, na vile vipande vimepangwa mbele yake, na kila jioni aliitundika ukutani akaitazama kwa taa moja ya kawaida kama ile ya mapokezi. Akaona tembe bado liko chini akalipandisha, akaona anga inapiga kelele akaishusha. Alipoipeleka, mama aliitazama kidogo akaita mpishi aje aone, wakaanza kubishana kuhusu hilo tembe kama ni la upande wa Mvumi au la, na hela iliyobaki akamalizia siku hiyohiyo.

Ile ya kwanza aliniuliza kama anaweza kuipaka upya juu yake. Nimemkatalia, ile anga ya kopo itaendelea kukunja na itavuta chochote kitakachowekwa juu. Amebandua kitambaa, fremu ya mbao ameibakiza, ameiwamba kitambaa kipya cha marekani. Na hii ya loji vanishi bado, tumekubaliana na mama isubiri angalau miezi sita, ikae mbali na mlango wa jikoni, na vumbi lipanguswe kwa brashi laini kavu, siyo kwa kitambaa chenye maji.